Kuunganisha taasisi za serikali hatua kwa hatua, na namna ya kuwatendea haki wakuu ambao viti vyao vinapungua

Desemba 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba taasisi 16 za umma zitaunganishwa na nyingine 4 zitafutwa. Januari 2025 Baraza la Mawaziri la Kenya, likikutana Kakamega, liliridhia mashirika 42 ya serikali yaunganishwe yabaki 20. Uganda nayo iliufunga mwaka 2024 ikiirudisha wizarani UNRA, mamlaka yake ya barabara. Sababu zinazotolewa hufanana kila mahali: majukumu yanaingiliana na gharama za uendeshaji ni kubwa.

Sina ugomvi na sababu hizo. Ninachotaka kueleza ni kazi yenyewe, tangu tangazo linapotoka hadi hesabu za mwisho zinapofungwa, na hasa jambo ambalo mipango mingi hulipa mistari miwili tu: kinachowapata mkurugenzi mkuu, wakurugenzi na mameneja ambao nafasi zao zilikuwa mbili na sasa inabaki moja.

Msimamo wangu ni huu. Hatima ya wakuu iamuliwe mapema na kwa maandishi, kabla ya nembo, jengo na mgawanyo wa magari. Mkuu asiyejua kesho yake hasaini mkataba, haamui mgogoro wala hamkemei mzembe, na watumishi mia tatu walio chini yake wanamsoma usoni kila asubuhi. Taasisi huanza kusimama hapo, miezi mingi kabla ya tarehe rasmi ya kuungana.

Namwandikia afisa utumishi, mwanasheria, mhasibu au katibu aliyeteuliwa kwenye kamati ya mpito. Mifano mingi ni ya Tanzania, na kuelekea mwisho ipo sehemu ya mkuu mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua kila taasisi iliundwa kwa hati gani

Kabla ya kikao cha kwanza, ipate hati iliyoianzisha kila taasisi. Hiyo ndiyo itakayokuambia nani ana mamlaka ya kuifuta, na kwa muda gani.

Wizara ndiyo nyepesi kuliko zote. Ibara ya 36 ya Katiba ya Tanzania inampa Rais madaraka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka katika utumishi wa Serikali, na majukumu ya mawaziri hugawanywa kwa hati inayochapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Ndiyo maana Desemba 2015 watumishi walilala wizara moja wakaamkia nyingine yenye jina refu: Ujenzi, Uchukuzi na Mawasiliano, Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Wakala wa serikali chini ya Sheria Sura ya 245 huanzishwa kwa amri ya waziri. Shirika au mamlaka yenye sheria yake lazima ipite bungeni, na hapo muda hurefuka. TIC, kituo cha uwekezaji, na EPZA, mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje, zilikuwa kwenye tangazo la Desemba 2023, lakini sheria ya kuziunganisha kuwa mamlaka moja, TISEZA, ni ya 2025. Katikati hapo watu waliendelea kuja kazini huku wakijua kwamba jina lililo getini linaondoka.

Tofautisha pia kuungana na kumezwa. Benki za Twiga Bancorp na ya Wanawake zilipoingizwa TPB, iliyokuwa Benki ya Posta, mwaka 2018, kisha benki ya TIB Corporate mwaka 2020, hakuna aliyejiuliza menejimenti ipi inabaki, kwa sababu TPB ndiyo iliyopokea. Benki hiyo leo ni TCB. Mifuko minne ya pensheni, ikiwamo PSPF, LAPF na PPF, ilipoungana kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mwaka huohuo wa 2018, zilikuwa taasisi zenye hadhi sawa, kila moja na mkurugenzi mkuu wake. Kama yako ni kumezwa, sema hivyo waziwazi. Kuwaambia watu kwamba wote ni sawa, halafu vyeo vyote vikaenda upande mmoja, huacha kinyongo kisichoisha.

Hatua ya 2: Andika masharti ya mpito mpaka kila kitu kiwe na mrithi

Sheria au hati ya kuunganisha lazima itaje kwa majina vitu vitano: mali, madeni, mikataba, kesi zilizopo mahakamani, na watumishi. Kila kimoja kiwe na sentensi inayosema kinahamia wapi na tangu tarehe gani.

Kwa watumishi tafuta maneno mawili. La kwanza ni kwamba utumishi wao unaendelea bila kukatika, ili miaka waliyotumikia kabla ihesabike. La pili ni kwamba masharti yao ya kazi hayatapungua kuliko waliyokuwa nayo. Pasipo hayo, mtu mwenye miaka 22 kazini anaweza kuhesabiwa kama mgeni aliyeajiriwa jana.

Sasa angalia kama masharti hayo yanawagusa wakuu. Mara nyingi rasimu husema watumishi wote watahamia taasisi mpya "isipokuwa mtendaji mkuu", halafu ikaishia hapo. Mtendaji mkuu anabaki hewani: bodi yake imevunjwa, taasisi yake imefutwa, na barua ya uteuzi bado iko kwenye droo yake. Dai sentensi moja zaidi, inayosema nani atampangia kazi, ndani ya siku ngapi, na nani atamlipa mshahara katika siku hizo.

Kuhusu tarehe, chagua Julai 1 kama una uwezo wa kuchagua. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na hesabu hutakiwa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu. Kuunganisha katikati ya mwaka maana yake ni kufunga vitabu mara mbili, kugawanya bajeti iliyokwisha kupitishwa, na kuwa na maafisa masuuli wawili, yaani wanaowajibika kwa fedha za taasisi, wanaojibu hoja za ukaguzi za mwaka mmoja.

Hatua ya 3: Funga milango siku ya tangazo

Kati ya tangazo na tarehe ya kuungana kuna kipindi cha hatari. Wapo wanaoharakisha kupandisha watu wao vyeo, kuongeza mikataba kwa miaka mitatu, kununua magari au kuhamisha fedha za miradi. Wengine hufanya hivyo kwa nia njema, wakidhani wanailinda taasisi.

Omba waraka wa wizara mama, ukipitia kwa Msajili wa Hazina, anayesimamia mashirika ya umma, kwa taasisi zilizo chini yake, usimamishe ajira mpya, upandishaji vyeo vya juu, mikataba inayovuka tarehe ya kuungana na uuzaji wa mali, isipokuwa kwa kibali cha kamati. Waraka huo utoke wiki ileile ya tangazo. Ukichelewa mwezi, utakuta ikama, yaani idadi ya watumishi na vyeo iliyoidhinishwa, imebadilika na huna pa kuanzia.

Siku hiyohiyo chapisha tange ya kila taasisi, orodha kamili ya watumishi na vyeo vyao, isainiwe na mkuu wa utumishi na itunzwe nje ya taasisi. Ndiyo itakayokata ubishi baadaye.

Hatua ya 4: Jua kila mkuu yupo kazini kwa mkataba gani

Hapa ndipo kamati nyingi huteleza. Huwaweka wakuu wote kapu moja, wakati wakurugenzi wawili waliokaa meza moja wanaweza kuwa na haki tofauti kabisa. Fungua faili la kila mmoja kwenye masijala ya siri, yaani ofisi ya kutunzia mafaili, usome barua ya ajira na barua ya uteuzi.

Mteule wa Rais, kwa kawaida mkurugenzi mkuu, ana mambo mawili ndani yake: cheo na utumishi. Uteuzi ukitenguliwa, cheo kinaondoka, ila kama alikuwa mtumishi wa umma kabla ya kuteuliwa utumishi wake unabaki, na anatakiwa kurudi kwenye kada yake au kupangiwa kingine. Taarifa za Ikulu huwa na maneno "atapangiwa kazi nyingine". Kwa msomaji wa gazeti ni maneno mafupi. Kwa mhusika yanaweza kuwa miezi ya kukaa nyumbani akisubiri simu, akiwa na mshahara bila ofisi. Hesabu hiyo ya miezi iwe kwenye mpango wako.

Mwenye mkataba wa kipindi maalumu anapimwa kwa mkataba wake. Soma kifungu cha kusitisha kabla ya muda na kifungu cha kiinua mgongo. Kama mkataba unaisha miezi minne baada ya kuungana, njia nafuu na ya heshima ni kumwacha aumalize akiwa mshauri wa makabidhiano.

Aliyeazimwa, tuseme mhadhiri wa chuo kikuu anayeongoza bodi ya zao, ana kwao. Andika barua kwa mwajiri wake mapema. Chuo nacho kinahitaji kujua kwamba mtu wake anarudi, ili nafasi yake isijazwe.

Mwajiriwa wa kudumu aliyepanda ngazi hadi ukurugenzi ndiye mwenye ulinzi mkubwa wa kisheria na ndiye anayeumia zaidi moyoni, kwa kuwa hapo ndipo alipotumia maisha yake. Hamishia utumishi wake, kisha ushughulikie cheo.

Anayekaimu haonekani kwa urahisi kwenye karatasi. Serikali imeelekeza mara nyingi kwamba kukaimu kusizidi miezi sita, lakini wapo waliokaa miaka. Kaimu hana haki ya cheo anachokaimu, ila ana haki ya kuambiwa mapema kwamba kukaimu kwake kunaisha, na kulipwa posho aliyostahili kwa muda wote alioifanya kazi hiyo.

Kwa kila jina ongeza umri. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60, huku maprofesa na madaktari bingwa wakienda hadi 65. Mara nyingi utagundua kwamba kati ya wakurugenzi kumi na wawili, watatu wangestaafu ndani ya miezi kumi na minane. Hao wanaweza kukuondolea robo ya tatizo bila machozi ya mtu, mradi waulizwe kwa adabu na kustaafu kwa hiari kubaki kwa hiari kweli.

Hatua ya 5: Chora muundo kabla ya kutaja majina

Muundo wa taasisi mpya na mgawanyo wa majukumu yake huidhinishwa kwa kupitia Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi. Uandae kwa kuanzia kwenye kazi: taasisi inatoa huduma gani, wapi, kwa nani. Kila mjumbe anayesema "tuweke na kurugenzi ya..." aulizwe ni kazi gani ambayo isingefanyika bila kurugenzi hiyo.

Kishawishi kikubwa ni kuchora viti kulingana na watu waliopo. Tazama tena mwaka 2015. Wizara ya Ujenzi, Uchukuzi na Mawasiliano ilikuwa na waziri mmoja, lakini makatibu wakuu watatu, kila mmoja na sekta yake: Joseph Nyamhanga ujenzi, Leonard Chamuriho uchukuzi, Faustin Kamuzora mawasiliano. Njia hiyo ina faida zake: utaalamu haukupotea na faili ziliendelea kutembea. Lakini kama lengo ni kupunguza gharama za uongozi, tambua kwamba umeunganisha ghorofa ya juu tu na ngazi zilizo chini zimebaki zilivyokuwa. Na kinachobaki hivyo hugawanyika tena kwa urahisi. Oktoba 2017 Kilimo kilitenganishwa na Mifugo na Uvuvi.

Hata hivyo sipingi manaibu wa muda. Naibu mkurugenzi mkuu mmoja au wawili kwa miaka miwili ya kwanza, tarehe ya mwisho ikiandikwa kwenye muundo wenyewe, wanaweza kuokoa taasisi. Tarehe ndiyo inayofanya cheo kiwe cha muda.

Hatua ya 6: Amua anayebaki, na uandike ni kwa nini

Zipo njia tatu. Ya kwanza ni uteuzi wa moja kwa moja, ambayo kwa mtendaji mkuu Tanzania ndiyo ya kawaida. PSSSF ilipoanza Agosti 2018, Eliud Sanga aliyekuwa akiongoza LAPF ndiye aliyeteuliwa kuiongoza, na William Erio wa PPF akapelekwa kuongoza NSSF, mfuko mwingine wa hifadhi ya jamii. Hilo la pili lina funzo: kiti kimoja kikijaa, tazama viti vya jirani kabla hujamrudisha mtu nyumbani. Mkuu wa mfuko wa pensheni anajua kuendesha mfuko wa pensheni, na taifa limeshagharamia ujuzi huo.

Njia ya pili ni ushindani wa ndani, ambapo wakurugenzi wawili wa fedha wanafanyiwa usaili kwa ajili ya kiti kimoja. Hii naipendekeza kwa ngazi za ukurugenzi na umeneja. Jopo litoke nje ya taasisi zote mbili, vigezo vitolewe kwa maandishi siku kumi na nne kabla, na alama za kila mmoja zitunzwe. Atakayekosa apewe sababu kwa maandishi hata kama sheria haikulazimishi. Nimeona watu wazima wakikubali kushindwa kwa utulivu kwa sababu tu walionyeshwa alama zao.

Njia ya tatu ni kuwaondoa wote na kuwataka waombe upya. Ilifanyika UNRA ya Uganda mwaka 2015. Husafisha haraka mahali palipooza kwa rushwa, lakini bei yake ni kubwa: wenye ujuzi unaotafutwa huondoka kwanza kwa kuwa wana pa kwenda, kumbukumbu ya taasisi huondoka nao, na mikataba mikubwa hubaki mikononi mwa watu wanaoisoma kwa mara ya kwanza. Usiichague kwa sababu tu kuchambua majina mmoja mmoja kunachosha.

Usigawe vyeo kwa zamu, huyu wa kwetu, yule wa kwenu. Usawa huo ni wa wiki moja. Baada ya hapo kila kikao cha menejimenti kinakuwa mkutano wa mataifa mawili.

Hatua ya 7: Zungumza na kila mmoja kabla habari haijavuja

Itavuja. Katibu muhtasi anaona barua, dereva anasikia simu, na kufikia jioni iko kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa hiyo barua ya uamuzi na mazungumzo vifanyike siku moja, wote wahusika, asubuhi.

Aliye juu yake ndiye azungumze naye: mwenyekiti wa bodi au katibu mkuu kwa mkurugenzi mkuu, mkurugenzi mkuu mteule kwa wakurugenzi. Mpeleke chumba cha kawaida, si ukumbi wa mikutano. Maneno yawe machache. Ukihitaji mfano, tumia huu:

"Mkurugenzi, nimekuita mwenyewe ili usisikie kwa mtu. Kiti cha Mkurugenzi wa Fedha kinabaki kimoja, na jopo limempendekeza mwenzako. Utumishi wako unaendelea na mshahara wako haukatwi. Barua hii inaeleza nafasi unayopewa na muda wa kuijibu. Kama una swali lolote, niulize sasa, au nipigie kesho."

Kisha nyamaza umwache aseme. Usimwambie kwamba unaelewa anavyojisikia, wala usimwahidi cheo ambacho huna mamlaka nacho. Na usimnyang'anye shangingi siku hiyo. Ratiba ya kurudisha gari, simu na nyumba ya serikali iwe kwenye kiambatisho chenye tarehe. Mtu aliyelitumikia taifa miaka ishirini hapaswi kurudi nyumbani kwa bodaboda mbele ya vijana aliowaajiri.

Baraza la wafanyakazi na chama cha wafanyakazi wapewe taarifa siku hiyohiyo, mchana. Wakiitwa mwisho watakuwa wapinzani hata kwa jambo ambalo wangeliunga mkono.

Hatua ya 8: Piga hesabu za stahiki kwa tarakimu

Kama mtu anahamia nafasi ya chini, mshahara wake wa zamani huweza kulindwa kama mshahara binafsi, yaani anaendelea nao yeye peke yake na hauhamii kwa atakayemrithi. Posho ya madaraka kwa kawaida hufuata kiti. Waeleze tofauti hiyo mapema. Wengi hudhani kila kilichoonekana kwenye hati ya malipo kitabaki.

Kama kuna kupunguzwa kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aweke wazi sababu, na ashauriane kuhusu njia za kuepuka kupunguza, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda na malipo. Mashauriano yaanze kabla ya uamuzi. Kiinua mgongo cha kisheria si chini ya siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, na ukomo ni miaka 10.

Chukua mkurugenzi wa mshahara wa msingi wa shilingi 5,200,000 aliyetumikia miaka 18. Kwa wiki ya siku tano za kazi, mshahara wake wa siku ni takriban 240,000. Zidisha kwa siku 7, kisha kwa miaka 10, maana ile 8 ya ziada haihesabiwi: 16,800,000. Ni kama mishahara ya miezi mitatu na robo kwa miaka 18 ya kazi. Nchini Kenya, ambako sheria ya 2007 inataka angalau siku 15 kwa kila mwaka bila ukomo huo, mtu huyo angehesabiwa siku 270. Kwa hiyo Tanzania chochote cha maana juu ya kima cha sheria hutoka kwenye mkataba, kanuni za taasisi au makubaliano. Tafuta kasma, yaani fungu, ya malipo hayo kwenye bajeti kabla ya barua ya kwanza kutoka. Kuna wastaafu wanaofuatilia malipo ya taasisi zilizofutwa kwenye ofisi ambayo haina faili lao, na hilo ni jambo la kuumiza kabisa.

Ongeza malipo ya likizo ambayo hakuichukua, notisi, na usafiri wa kurudi mahali alipoajiriwa.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza, shughulikia sahihi, mihuri na masijala

Kikao cha kwanza cha menejimenti mpya kipitishe nani anasaini nini. Benki hazitambui tangazo la redio. Zinataka kadi mpya za sahihi, na bila hizo wazabuni na vibarua hawalipwi hata kama fedha ipo. Afisa masuuli awe mmoja na barua yake iwe mkononi. Kusanya mihuri ya zamani, ihesabiwe na iharibiwe mbele ya mkaguzi wa ndani, kila muhuri ukiandikwa kwenye fomu.

Masijala ndiyo inayosahaulika. Taasisi mbili zina namba mbili za mafaili: moja hupanga kwa mada, nyingine kwa mwaka na mkoa. Ukiwaachia makarani wachanganye, baada ya miezi miwili faili la mtumishi wa Tabora litakuwa halipatikani, na bila faili hakuna mafao. Usibadilishe namba za zamani. Yaache mafaili yalivyo, yafungwe, kisha fungua jalada jipya lenye rejea ya lile la zamani juu yake. Makabidhiano ya kila mkuu yawe na hati iliyosainiwa na pande mbili: kesi zilizopo, mikataba inayoisha ndani ya miezi sita, madeni, ahadi alizotoa kwa mdomo, na mambo ya siri yanayokabidhiwa ana kwa ana.

Kwa mkuu mwenyewe

Kama wewe ndiye unayesubiri, tafuta leo nakala ya barua zako zote: ajira, kuthibitishwa kazini, kila upandishwaji cheo, uteuzi, mkataba. Zitoe nakala uziweke nyumbani. Hakiki michango yako ya pensheni mwezi kwa mwezi, maana mapengo huonekana vizuri mwajiri akiwa bado yupo.

Usikatae nafasi mbadala kwa hasira. Sheria inasema anayekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa huweza kupoteza kiinua mgongo. Omba siku za kufikiri, jibu kwa maandishi, na kama unapinga, eleza hoja: kituo, cheo, afya, familia. Ukiona umeonewa, mtumishi wa umma anatakiwa kwanza kumaliza njia za rufaa zilizo kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, hadi Tume ya Utumishi wa Umma inapohusika. Kukimbilia kwingine kwanza kumewagharimu wengi muda na fedha. Kama umepewa uteuzi wa Rais, zungumza na mwanasheria kuhusu kilicho cha uteuzi na kilicho cha utumishi kabla hujaandika barua yoyote.

Na endelea kuamua mambo ya kila siku mpaka siku ya mwisho. Watakaofanya kazi na jina lako baadaye ni wale wanaokuona sasa.

Hatua ya 10: Mwaka wa kwanza, usiongeze mzigo mwingine

Mwaka 2018 kuunganishwa kwa mifuko ya pensheni kulikwenda pamoja na kubadilishwa kwa kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao. Waliokuwa PSPF na LAPF walizoea mkupuo, yaani malipo ya mara moja wakati wa kustaafu, wa asilimia 50, wenzao wa PPF asilimia 25, na kanuni mpya ikawaweka wote kwenye 25. Kwa wanachama, muungano na kupungukiwa vikawa kitu kimoja. Desemba 28, 2018 Rais Magufuli akasitisha kanuni hiyo na kuagiza ya zamani itumike hadi 2023. Kama unakusudia kubadilisha mishahara, mafao au tozo, subiri vitabu vya mwaka wa kwanza vifungwe, au ufanye mwaka mmoja kabla.

Makaimu wa kipindi cha mpito wawe na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ifuatwe. Kenya iliunganisha bodi za chai, kahawa, sukari, mkonge, pamba na nyingine kuwa mamlaka moja ya kilimo na chakula, AFA, kwa sheria ya 2013. Bodi zikawa kurugenzi, na kwa miaka kadhaa baadhi ya waliozishika waliitwa wakuu wa muda. Mkulima wa chai hakuona tena ofisi inayomjibu kwa jina la zao lake. Sheria ya Chai ya 2020 ikairudisha Bodi ya Chai, na Sheria ya Sukari ya 2024 ikairudisha ya sukari.

Kwa hiyo tunza kumbukumbu kana kwamba kuna siku taasisi zitatenganishwa tena. Rejista ya mali ionyeshe kila kiwanja na kila mtambo ulitoka wapi, na jalada la kila mtumishi lionyeshe taasisi ya asili. Kamati ya mpito isivunjwe mpaka ripoti ya kwanza ya ukaguzi wa taasisi mpya itoke na hoja zake zijibiwe. Wakuu wa zamani ndio wenye majibu ya nusu ya hoja hizo, kwa hiyo namba zao za simu, anuani zao na makubaliano ya kuwaita na kuwalipa posho ya kikao viwe ndani ya faili la kamati tangu siku ya makabidhiano.